Hilux mpya ni ndefu, ila haibebi zaidi

Ndugu, ukidhani Hilux, ile pikapu ya Toyota, inabeba zaidi kwa kuwa imekua, la: kukua kwake hakukuongeza uwezo wa kubeba. Ya kwanza, ya mwaka 1968, ilikuwa na urefu wa mita 4.3 hivi na upana wa mita 1.58. Ya milango minne iliyotoka 2015 ina mita 5.33 kwa 1.855, na mzigo bado ni karibu tani 1. Kilichokua ni kebini: viti vya nyuma, eabegi, vyuma vya kukinga abiria. Sehemu ya mizigo ya milango minne imebaki mita 1.5 tu; ya kebini moja ina takriban 2.3.

Kwa hiyo ukiidhania inabeba zaidi na kuizidishia mzigo, gari huumia. Mifuko 20 ya saruji ya kilo 50 tayari ni tani, na abiria nao huhesabiwa ndani ya uzani huo. Ukiirundika nyuma ya ekseli ya magurudumu ya nyuma, pua huinuka, usukani huwa mwepesi na breki za mbele hupoteza nguvu. Kwa shehena za soko la Kongowea, Mombasa, chukua kebini moja. Ukikaa Mji wa Kale pima uchochoro kwanza, maana ule upana wa mita 1.855 haujahesabu vioo vya pembeni.