Re: Mtoto ana malaria, anahema mbio, lakini oksijeni inasoma 97

Pole sana dada. Homa hupandisha mahitaji ya oksijeni kwa takriban asilimia 10 kwa kila nyuzi 1 ya Selsiasi. Damu ikipata joto, himoglobini (kibeba oksijeni kilicho ndani ya chembe nyekundu za damu) huiachia oksijeni kwa urahisi zaidi mwilini, na hapo homa inasaidia. Ila seli zikifanya kazi kwa kasi huzalisha pia kemikali kali za oksijeni zinazozidhuru, na vimelea wa malaria wakipasua chembe nyekundu huzidisha kemikali hizo.

Hiyo 97 isikutulize. Kipimo cha kidoleni husoma himoglobini iliyopo imebeba oksijeni kiasi gani, si imebaki kiasi gani. Mtazame viganja na ndani ya kope la chini kama vimepauka. Hata visipopauka, kuhema hivyo ni dalili ya hatari: mpeleke hospitali sasa hivi, apimwe wingi wa damu.