Kucha za madole gumba zimekuwa nene na za manjano, nifanyeje?

SWALI: Salamu aleikum dadangu. Mimi nafanya kazi bandarini, mchana kutwa niko ndani ya buti. Kucha za madole gumba ya miguu yote miwili zimekuwa nene, za manjano, zinamegekamegeka, na huu ni mwaka wa tatu. Nshatia siki, nshatia ndimu na chumvi, sasa jirani kanambia nitie Jik, ile dawa ya kung'arisha nguo nyeupe. Naweza kujitibu nyumbani ama mpaka niende spitali? (Msomaji, Likoni)

JIBU: Waaleikum salaam kakangu. Jik iweke mbali kabisa tafadhali. Mimi ni nesi, miguu ya wagonjwa ndio kazi yangu ya kila siku, na nshawahi kufunga vidonda vya watu waliochomwa na dawa za kienyeji za namna hiyo, kucha imebaki vilevile ila ngozi ya pembeni ndio imeungua. Siki na ndimu hazina ubaya mkubwa lakini hazifiki. Ikiwa ni fangasi, yeye anakaa chini ya kucha, pale kucha inapokutana na nyama, na kucha yako sasa imekuwa ngumu kama ubao, wewe unapaka juu na mchwa yuko chini.

Sasa, una hakika ni fangasi? Kucha nene za manjano kama nusu yake tu ndio huwa fangasi, zilizobaki ni buti inayogonga dole kila siku, ama psoriasis (ugonjwa wa ngozi), ama umri. Angalia katikati ya vidole na nyayo: kama ngozi inabambuka, inawasha, ama nyayo zina unga mweupe kwenye mistari, basi hapo fangasi yuko karibu kabisa. Lakini ukitaka kujua kwelikweli ni maabara, wanakwangua unga wa chini ya kucha wanauangalia kwa darubini, na kabla ya kwenda uwe umeacha kupaka dawa wiki kadhaa, la sivyo watakwambia hakuna kitu na kumbe kipo.

Kazi ya nyumbani iko, na ni kubwa kuliko watu wanavyofikiria. Roweka miguu maji ya uvuguvugu dakika kumi hivi, kausha, halafu chukua tupa (faili ya kucha) upunguze unene wa kucha kutoka juu, pole pole, ukiona inauma ama inakaribia nyama acha. Tupa hiyo iwe ya kucha mbovu peke yake, usiipeleke kwa kucha zisizo na ugonjwa. Ikiwa ngumu sana uliza famasia krimu ya yurea asilimia 40, paka juu ya kucha tu, ngozi ya pembeni ipake mafuta mazito ya kujikinga, funika na plasta usiku, asubuhi utaona imelainika unaikwangua. Baada ya hapo ndio dawa ya kupaka inakuwa na maana, kwa mfano amorolfini asilimia 5, mara moja ama mbili kwa wiki. Hiyo inaganda kama rangi ya kucha, na wengi wanaacha katikati kimyakimya kwa sababu ya udhu, wanaogopa maji hayafiki kwenye kucha. Mimi si mwanachuoni, muulize sheikhe wako hukumu ya mgonjwa kabla hujaanza, usije ukaanza ukaacha.

Na subira hapa ni ya mwaka kakangu, sikufichi. Kucha ya dole gumba la mguu inakua kama milimita moja na kitu kwa mwezi, kwa hivo mpaka ibadilike yote ni miezi 12 mpaka 18. Kila siku naona mtu amepaka miezi miwili haoni kitu akasema dawa ni feki. Fanya hivi: pale kucha safi inapoishia na mbovu inapoanzia weka alama ndogo kwa tupa. Alama ikisogea mbele na nyuma yake kucha imetoka safi, dawa inafanya kazi, hata kama mbele bado kubaya.

Kwa vile zako ni mbili na miaka mitatu, kama imefika mpaka kwenye mzizi wa kucha, ya kupaka pekee huenda isitoshe. Vidonge vya terbinafini miligramu 250, kimoja kwa siku kwa wiki 12, ndio vinavyofanya kazi vizuri zaidi, lakini daktari akuandikie na apime ini kwanza, usijinunulie. Ukiuziwa vidonge vya ketokonazole kwa ajili ya kucha kataa, tangu mwaka 2013 Ulaya na Marekani walitoa onyo zito juu yake kwa sababu ya ini.

Buti nazo. Kuwa na jozi mbili ukiweza, moja unavaa moja inakaa juani, soksi za pamba badilisha kila siku, na ukitoka kutawadha kausha katikati ya vidole kwa kitambaa, joto letu hili na unyevu ndio raha ya fangasi. Ngozi ikiwasha paka krimu ya klotrimazole wiki tatu nne, la sivyo utaponya kucha na ngozi itairudishia fangasi.

Ila ukiwa na sukari, ama miguu inakufa ganzi, tupa usiiguse, njoo kliniki. Na ukiona mstari mweusi kwenye kucha moja unaopanuka ama weusi umeingia mpaka kwenye ngozi, usingoje hata wiki.

Mwambie na mkeo aangalie miguu yake, maana choo na bafu mnakanyaga pamoja.