Uliza Fundi: Taa ngapi, spika ngapi?

SWALI: Shikamoo Fundi. Mimi na wenzangu tunageuza ghala la zamani kuwa jumba la sanaa. Chumba kina urefu wa mita 12, upana 8, na dari iko mita 4 juu. Kuta ni za saruji, sakafu ni ya vigae. Tutatundika michoro ya rangi za mafuta, michache ya rangi za maji, na kwenye kona moja tutaonyesha video yenye sauti. Fundi umeme anataka tumwambie taa ngapi na spika ngapi. Tumjibu nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mwambieni asubiri. Kabla ya kuhesabu chochote, chukueni karatasi mchore chumba, muonyeshe kila kazi itakaa wapi. Taa hufuata ukuta. Nimeingia kumbi ambazo taa zimepangwa kwa mistari ya kupendeza katikati ya dari: sakafu inameremeta, michoro iko gizani.

Fungeni reli ya taa sambamba na ukuta, ili taa zisogezwe kila maonyesho yanapobadilika. Pembe nzuri ni nyuzi 30 kutoka mstari wa wima. Kwa kuwa dari yenu ina mita 4, na kitovu cha mchoro kikiwa mita 1.5 kutoka sakafuni, reli itakaa kama mita 1.4 kutoka ukutani. Mkiishusha hadi mita 3.5, isogezeni mpaka mita 1.15. Ikikaribia ukuta zaidi ya hapo, kila kibonge cha rangi kitatupa kivuli, na fremu pia. Ikienda mbali, mtazamaji atajizibia mwanga kwa kichwa chake mwenyewe.

Rangi za mafuta zinavumilia luksi (kipimo cha mwanga unaoangukia kitu) 150 hadi 200. Rangi za maji, karatasi na vitambaa, luksi 50 basi. Mtaona ni giza, lakini macho huzoea, mradi pembeni pasiwe na kitu kinachong'aa kupita hapo. Kwa hiyo msichanganye michoro ya maji na ya mafuta kwenye ukuta mmoja, wala msiitundike mkabala na dirisha. Madhara ya mwanga hujumlishwa: saa 1 kwenye luksi 500 ni sawa na saa 10 kwenye luksi 50, na rangi ikishapauka hairudi. Azimeni kipima mwanga, msikadirie kwa macho.

Kwenye boksi la taa someni CRI, yaani uaminifu wa rangi. Chini ya 90 iacheni dukani. Ulizeni pia R9, yaani alama ya jinsi taa inavyoonyesha nyekundu. Taa za bei rahisi hufanya nyekundu ionekane kama kahawia, na mchoraji atawalaumu nyinyi. Rangi ya mwanga wenyewe iwe Kelvini 3000 chumba kizima, msichanganye.

Sasa sauti, na hapa ndipo wengi hutupa pesa. Ingieni chumbani kikiwa kitupu mpige kofi moja. Mtasikia mwangwi ukizunguka. Mwaka 1895 Chuo Kikuu cha Harvard kilimpa Wallace Sabine, mwalimu kijana wa fizikia, kazi ya kurekebisha ukumbi wa mihadhara katika jumba la sanaa la Fogg, ambako sauti ilidumu hewani sekunde 5 na nusu. Akawa anabeba mito ya viti usiku kutoka ukumbi mwingine, anaipanga, anapima, kisha anairudisha kabla ya asubuhi. Kanuni yake ndiyo tunayoitumia mpaka leo: ujazo wa chumba mara 0.161, gawanya kwa ufyonzaji wake (kwa mita za mraba), unapata sekunde ambazo sauti itadumu. Chumba chenu ni mita za ujazo 384. Saruji na vigae vyote pamoja havifyonzi zaidi ya mita 10 za mraba hivi, kwa hiyo sauti itakaa sekunde 6. Funikeni mita 60 za mraba za dari kwa paneli nzuri za kufyonza sauti, itashuka karibu na sekunde 1. Anzeni na paneli, spika baadaye. Spika kubwa kwenye chumba chenye mwangwi huongeza kelele tu, na maneno hayasikiki.

Video ipeni zulia, pazia zito ubavuni, na spika ndogo juu ya kichwa cha mtazamaji ikielekea chini. Kama kuna maneno mengi, wekeni vipokea sauti vya masikioni. Nyaya za sauti zisilale pamoja na za umeme. Zikilazimika kupishana, zipishane kwa pembe mraba. Vinginevyo mtasikia mngurumo kila mara mtu akipunguza mwanga.

SWALI: Fundi, tukipunguza mwanga wa taa zetu za LED, picha za video za simu zinatokea na mistari myeusi. Simu mbovu?

JIBU: Simu nzima. Dima (swichi ya kupunguza mwanga) na taa havielewani: taa inawaka na kuzima haraka mno kwa jicho lako, ila kamera inaona. Kabla ya kununua taa nyingine, chukua taa moja na dima moja, shusha mwanga hadi karibu na mwisho, kisha rekodi. Mistari ikitokea, rudisha vyote viwili.