Permanganeti moja, maswali mawili: hesabu za mmumunyo na nishati ya mwanga

Juzi mdogo wangu wa kidato cha sita ameniandikia: "Kaka, taitresheni naiweza, ila nishati ya mwanga inaninyima usingizi." Akaambatanisha kazi yake. Nimeipitia mstari kwa mstari, na kwa kweli hata taitresheni (kutafuta ukolezi wa mmumunyo mmoja kwa kuumenyusha na mwingine unaojulikana) hajaiweza. Maswali yote mawili yamemshinda kwa sababu moja: anahesabu chembe bila kujiuliza ni chembe za nini.

Swali la kwanza lilitaka ukolezi wa permanganeti. Asidi ya oksaliki, H₂C₂O₄·2H₂O, gramu 1.575, imeyeyushwa na kujazwa maji hadi 250 cm³. Moli moja ni gramu 126, hivyo ukolezi wake ni 0.05 M (moli kwa lita), na pipeti ya 25 cm³ inabeba moli 0.00125. Permanganeti ya potasiamu iliyoshuka kwenye bureti ni 24.80 cm³. Yeye alizidisha moli kwa 5/2, akapata 0.126 M. Jibu ni 0.0202 M, kwa kuzidisha kwa 2/5.

2MnO₄⁻ + 5C₂O₄²⁻ + 16H⁺ → 2Mn²⁺ + 10CO₂ + 8H₂O

Permanganeti mbili (MnO₄⁻) zinamaliza oksaleti tano (C₂O₄²⁻, itokayo kwenye asidi ya oksaliki). Kabla hujagusa kikokotoo, andika pembeni: "moli za permanganeti ni chache kuliko za oksaleti." Ukipata nyingi, umepindua uwiano.

Mezani nako kuna mitego, na hapa ndipo alama nyingi hupotea. Tumia asidi ya salfuriki iliyozimuliwa. Ukitumia haidrokloriki, permanganeti itaigeuza kloraidi kuwa klorini na usomaji wako utazidi. Nitriki nayo ni kioksidishi yenyewe. Pasha moto hadi nyuzi 60 au 70 hivi. Ikiwa baridi, mmenyuko unakokota. Ikichemka, oksaliki inaanza kuharibika. Matone ya kwanza hukawia kupoteza rangi, usitishike: Mn²⁺ ikishatokea, yenyewe inaharakisha mmenyuko. Ukiona ukahawia, umemimina haraka mno au asidi haitoshi, na hiyo ni MnO₂. Mwaga, anza upya, usijaribu kuiokoa. Mwisho ni waridi hafifu inayodumu sekunde 30. Kwa kuwa permanganeti ni nzito kwa rangi, soma bureti kwenye ukingo wa juu wa mmumunyo, mwanzo na mwisho vilevile.

Sasa mwanga. Swali liliuliza kama mwanga wa kijani wenye urefu wa wimbi wa nm (nanomita) 525, ule ule ambao permanganeti huufyonza hadi tukaiona zambarau, unaweza kuvunja kifungo cha Cl–Cl chenye kJ 242 kwa moli. Mdogo wangu aliweka 525 kwenye E = hc/λ (nishati ya fotoni moja, yaani chembe moja ya mwanga; h ni namba ya Planck, c kasi ya mwanga, λ urefu wa wimbi) bila kuigeuza kuwa mita, akapata 3.78 × 10⁻²⁸ J, kisha akailinganisha na 242 moja kwa moja. Ukigeuza, fotoni moja ina 3.78 × 10⁻¹⁹ J. Lakini hiyo ni ya fotoni moja, na 242 ni ya moli nzima! Zidisha kwa 6.022 × 10²³, idadi ya chembe katika moli moja, gawa kwa 1000: kJ 228. Haitoshi. Kifungo hicho kinahitaji mwanga wa nm 494 au mfupi zaidi.

Ichukulie fotoni kama kitendanishi, Cl₂ + fotoni 1 → 2Cl, na somo linakuwa lile lile la uwiano. Wengi hujibu kwamba taa ikiongezwa ukali kifungo kitavunjika. Hapana. Umeongeza idadi ya fotoni, na kila moja bado ina upungufu wa kJ 14 kwa moli. Kwa kawaida hazichangiani nguvu.

Kwa kuhakiki haraka, gawa 119,600 kwa urefu wa wimbi katika nm, utapata kJ kwa moli. Kwenye karatasi onyesha hatua zote. Na chupa ya permanganeti iwe ya kahawia, ndani ya kabati: mwanga huibadilisha polepole kuwa MnO₂, na ile 0.0202 M ya leo haitakuwa hiyo baada ya wiki kadhaa dirishani.