Kabla hujaniuliza habari za papa

Papa aliyenikaribia kuliko wote maishani alikuwa ndani ya sufuria, nyumbani kwa shangazi yangu Kibokoni, Mombasa, amelala kwenye tui zito na ndimu. Nina miaka saba ya kupiga kasia nikiwa nimesimama juu ya ubao, kuanzia Nyali hadi Shanzu, na siku nyingine ndani ya kriki ya Tudor, mkono wa bahari ulioingia bara, upepo ukichachamaa nje. Mapezi nimeyaona mara mbili. Mara zote mbili walikuwa pomboo, na mara zote mbili roho ilinifika kooni kabla sijawatambua.

Lakini kila Jumamosi nikishusha ubao kutoka juu ya gari, hakosi mtu wa kuniuliza: "Papa hawapo huku?"

Wapo. Anayekwambia hawapo anakuuzia safari. Wavuvi wetu wana nyavu za jarife, za matundu makubwa, zinazotegwa kwa ajili ya papa na samaki taa, na watu hawatengenezi wavu wa samaki asiyekuwepo. Nenda sokoni uone ng'onda wa papa, yaani papa aliyekaushwa, alivyopangwa. Kweli ni kwamba papa wakubwa wamepungua sana kwa kuvuliwa, na hesabu ya nani amla nani katika pwani hii iko upande wetu kwa mbali mno.

Jambo la pili ni mwamba. Kuanzia Nyali kwenda Bamburi na Shanzu, mwamba wa matumbawe umesimama mbele ya ufuo kama ukuta, na maji yakipwa, ndani yake panabaki vidimbwi na nyasi za bahari. Mahali pengine utaburuta ubao kwa mkono. Papa wa mita tatu hana la kufanya kwenye maji ya goti. Anayepiga kasia ndani ya mwamba yuko uani. Anayetaka kuteleza juu ya mawimbi hana bahati hiyo, kwa sababu mawimbi yenyewe yanavunjika kwenye ukingo wa mwamba, hasa wakati wa upepo wa kusi, na pale tayari ni mlangoni kwa wenyewe.

Kwa dunia nzima, wanaoweka kumbukumbu za mashambulizi kule Florida waliandika matukio 69 mwaka 2023 ya papa kumuuma mtu ambaye hakumchokoza. Mwaka 2024 yalikuwa 47. Kwa dunia yote hiyo, ni machache. Lakini ukiwa mtu wa ubao usifurahi haraka, kwani mwaka 2023 karibu watu 42 katika kila 100 walioumwa walikuwa kwenye michezo ya mawimbi na ubao. Sababu haina uchawi. Wateleza mawimbi hukaa muda mrefu penye povu na maji yaliyovurugika, miguu inaning'inia, mikono inapiga maji. Papa ana vitundu usoni vinavyohisi umeme mdogo wa misuli ya kiumbe, na mstari ubavuni unaohisi mtikiso wa maji. Macho yakishindwa kwa matope, anajaribu kwa meno. Mara nyingi huuma mara moja akaondoka. Shida ni kwamba jino lake moja linakutosha.

Bahari hii yetu ya Hindi ina mifano ambayo sipendi watu waisahau. Kisiwa cha Réunion, kuanzia mwaka 2011, kilipata mfululizo wa mashambulizi mabaya, wengi wa waliouawa wakiwa wateleza mawimbi, hata mwaka 2013 serikali ikapiga marufuku kuogelea na kuteleza nje ya maeneo yaliyokingwa. Durban, Afrika Kusini, wametega nyavu za papa tangu mwaka 1952. Na majirani zetu wa Mogadishu walijua ubaya wa kujenga machinjio karibu na bahari. Damu iliingia majini, papa wakazoea kuja, na waliokwenda kuogelea ndio waliolipa.

Ndiyo maana sikuambii usiogope. Nakuambia uogope mahali na saa. Mwalimu wangu katika hili si mtu wa ubao bali ami yangu, mvuvi wa Kisauni, ambaye hadi leo huniuliza kwa nini nalipia pesa kitu ambacho ngalawa ingenipa bure. Siku moja nilimkuta akishona wavu, nikamwambia nataka kuvuka mdomo wa kriki ya Mtwapa jioni. Ilikuwa mwezi wa Mei, masika yamekolea, maji rangi ya chai ya maziwa. Hakuinua hata kichwa.

"Wenda kutafuta nini? Hata mimi na wavu siingii hapo leo."

Kuna papa mmoja, mnene wa kifua na mfupi wa pua, anayestahimili hata maji baridi yasiyo na chumvi. Afrika Kusini humwita papa wa Zambezi kwa kuwa hupanda mto. Huyu ndiye wa midomo ya kriki na maji ya tope. Mvua zikinyesha, mito inashusha taka, mizoga na samaki waliozubaa, naye huja kuokota. Kwa hiyo masika mimi sipigi kasia penye mdomo wa kriki, wala Mtwapa wala Tudor, mpaka maji yarudi rangi yake. Huchukua siku kadhaa. Vumilia.

Wakati wa magharibi pia natoka majini mapema, na alfajiri siingii kabla sijaweza kuona vidole vyangu vya miguu ndani ya maji. Shakwe wakijirusha juu ya kundi la dagaa, usisogee kupiga picha. Chini ya hao dagaa kuna mwingine anayekula. Mahali ambapo mashua zinapasulia samaki na kutupa matumbo, pita mbali. Na hili nalisema kwa hasira kidogo. Kuna kijana nilimkuta nje ya mwamba anavua kwa mshipi akiwa juu ya ubao, samaki wake watatu kawafunga kwenye kamba ile ile ya mguuni inayomshikanisha na ubao, wanachuruzika damu nyuma yake. Nilimwambia, akacheka. Samaki ukimpata, mtie kwenye kisanduku kilichofungwa au umpeleke nchi kavu.

Ukimwona papa wa madoadoa meupe, mkubwa kama basi na anakwenda polepole, huyo ni papa shilingi. Anakula viumbe vidogo vidogo vya majini. Mtazame tu, usimguse. Ukimwona mwingine anayezunguka, piga magoti, toa miguu na mikono majini, mkabili, kasia likiwa kati yako naye, kisha rudi nyuma taratibu kuelekea mwambani. Usipige maji ovyo. Akija kwa nguvu, mpige machoni au kwenye matamvua. Haya ya mwisho nimefundishwa, namshukuru Mungu sijayajaribu.

Sasa nije kwenye siku iliyokaribia kunimaliza, ambayo papa hakuhusika.

Ilikuwa mwezi wa pili, bamvua, siku za maji kujaa na kupwa sana, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Bahari imelala kama mkeka. Mkazi wa Mombasa anajua kwamba siku za bamvua maji hujaa alfajiri na kukauka kwenye saa nne au tano asubuhi, na tofauti yake inakaribia mita nne. Mimi nilijua, lakini nilikuwa naangalia utulivu. Upepo wa umande ulikuwa unavuma kutoka bara, mwepesi, unanisukuma mgongoni, nikajiona fundi. Nilifika karibu na mlango mmoja wa mwamba, kaskazini ya Nyali, na hapo nikaona kitu cheusi majini. Nikasimama kukichunguza. Papa? Nilikitolea macho kwa dakika tano nzima. Kilikuwa gogo.

Nilipoinua kichwa, majengo ya ufuoni yalikuwa madogo. Maji yote yaliyokuwa ndani ya mwamba yalikuwa yanatoka kupitia mlango ule mmoja, nami nikiwa katikati yake. Niligeuza ubao nikapiga kasia kuelekea ufuoni moja kwa moja, na hilo lilikuwa kosa la pili. Nilipiga mpaka mabega yakawaka, na mwamba ukabaki pale pale. Kisha ukaanza kwenda mbali.

Mwenye ngalawa aliyenikuta huko nje alikuwa mzee nisiyemjua. Alinitupia kamba bila haraka.

"Ulikuwa wangalia nini?"

"Nilidhani nimeona papa, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Wamtafuta papa na huku maji yakutoa!"

Akanivuta saa nzima hadi ufuoni, akicheka kila akigeuka kuniona. Mkondo wa mlango haushindwi kwa kasia. Ukihisi unakuvuta, lala kifudifudi upunguze upepo, kata kwa ubavu uondoke mbele ya mlango kabla hujaingia kooni mwake. Ukishapitishwa, usijichoshe. Nje unalegea. Kaa juu ya ubao, piga filimbi, ngoja chombo. Ubao usiuache kamwe, ndiyo maana kamba ya mguuni huifunga hata kwenye maji ya kiuno.

Tangu siku ile sitoki bila jaketi la uokoaji, filimbi, simu ndani ya mfuko usiopitisha maji, na mtu ufuoni anayejua saa ya kurudi. Nabeba pia mkanda wa kuzuia damu. Watu wanaokufa kwa kuumwa na papa wengi huishiwa damu kabla ya kufika hospitali, na propela ya boti hukata vile vile. Mkanda hufungwa juu kidogo ya jeraha, kwa upande wa moyo, si kwenye kiungo, unakazwa mpaka damu isimame, na saa ya kuufunga inaandikwa. Ukikosa mkanda, hata kamba ya ubao hufaa. Jifunze kuufunga nchi kavu, kwenye paja la rafiki anayekuvumilia.

Jumapili hii ni maji mafu, yanajaa saa nne na ushei asubuhi, kwa hiyo mkondo utakuwa mdogo. Nitakuwa Nyali kuanzia saa mbili, ndani ya mwamba. Ukija, uje na filimbi. Na kama umevua, samaki wabaki kwenye ndoo ufuoni. Shangazi atajua la kuwafanya.