Ukuta ukianguka, mwacheni autazame

Ndugu Mhariri,

Wiki hii mmeuliza kama vitofali vya kuchezea vinamfaa mtoto aliyekwisha kuanza skuli, au vinampotezea wakati wa kusoma. Mimi ni fundi mwashi, naishi Wete. Vinamfaa sana, ila kwa sharti kwamba sisi wakubwa tuzuie mikono yetu.

Mwanangu wa darasa la tatu aliletewa na shangazi yake ndoo ya vitofali vya plastiki kutoka Unguja. Mwanzoni alipanga safu juu ya safu, viungo vyote mstari mmoja toka chini hadi juu. Ukuta ukipata kimo kidogo tu, unapasuka katikati. Ulimi uliniwasha, maana kosa hilo ndilo la kwanza tunalomkataza mwanagenzi. Nikanyamaza. Siku ya tatu, baada ya kulia mara mbili, alikaa akautazama ufa kwa muda mrefu, kisha akaweka tofali la juu likakalia kiungo cha mawili ya chini. "Baba, hili sasa linayashika yote mawili." Sikumfundisha mimi. Ningalimwambia siku ya kwanza, angalipata ukuta tu.

Hesabu nayo imo humo humo. Daftarini alishikilia kwamba robo ni kubwa kuliko nusu, kwa sababu 4 ni kubwa kuliko 2. Nikampa kitofali cha vinundu 8, vile vijitokezo vya juu vinavyoshikanisha, akifunike kwa vile vya vinundu 4, halafu kwa vile vya 2. Viliingia viwili, kisha vinne. Hakuniuliza tena. Si jambo jipya hili: Friedrich Froebel, mwalimu wa Kijerumani aliyefungua kituo chake cha watoto wadogo mwaka 1837, aliwapa watoto mchemraba wa mbao uliokatwa vipande 8 sawa, waubomoe na kuujenga upya.

Wapo wanaosema mtoto mkubwa atavichoka. Vitofali 6 tu vya vinundu 8, vya rangi moja, huungana kwa njia zaidi ya milioni 915!

Bei ndiyo kikwazo, nakubali. Kwa watoto wa majirani nimeomba mabaki ya mbao kwa seremala, nikayakata sawasawa, urefu mara mbili ya upana, nikayapiga msasa. Hayashikani kama plastiki, kwa hiyo mkono hauna budi kutulia na jicho kupima uzito umeelemea wapi.

Na tafadhali, msiwanyime watoto wa kike. Binti wa dada yangu ndiye aliyemwonyesha mwanangu kuwa njia ya gati lazima ipimwe kwa gari litakalopita, si kwa vitofali vilivyobaki. Walibishana mpaka wakaelewana, na maneno ya mbele, kando, upana na kina yaliwatoka bila kusomeshwa.

Gati hiyo, ya Mkoani, wanaijenga barazani sasa hivi, tangu walipotoka chuo cha Kurani. Imeanguka mara nne, na sijaigusa.

Msomaji, Wete, Pemba