Mikanda ya miwani ya VR inanuka jasho: je, siki inatosha?

SWALI: Habari za kazi, mtaalamu. Nasimamia chumba cha mafunzo chenye miwani kadhaa ya uhalisia pepe, na huvaliwa na watu tofauti kutwa nzima. Mikanda ya kitambaa imeanza kunuka. Huwa naipulizia siki iliyochanganywa na maji, kwa kuwa sitaki kemikali kali wala vile vitambaa vyenye dawa vya kutumia mara moja na kutupa. Harufu inapungua, kesho yake inarudi. Siki inaua vijidudu kweli? Na nikitumia spiriti, nitaiharibu mikanda?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Harufu inarudi kwa sababu kilichoisababisha hakijatoka. Jasho lenyewe halinuki sana; bakteria wa ngozini ndio wanaolivunjavunja na kuleta harufu, na hapo mkandani wamepata jasho, mafuta ya nywele na ngozi iliyokufa, vyote vimenasa kwenye nyuzi. Siki ya jikoni, ambayo huwa na asidi ya asetiki kama asilimia 5, hupunguza baadhi yao, ila si ya kutegemea kwenye kifaa kinachohama kichwa hadi kichwa. Soda ya kuokea hufyonza harufu tu. Wapo wanaochanganya siki na soda wakifurahia povu. Siki ni asidi na soda ni besi, zimekwisha kubatilishana, unachopaka ni maji yenye chumvichumvi.

Anza na sabuni. Piga picha jinsi mkanda ulivyopitishwa, kisha uvue. Mikanda mingi laini hutoka. Ule mgumu wenye betri, waya au spika usiutumbukize majini kamwe, upanguse tu kwa kitambaa kilichokamuliwa vizuri. Huu laini uloweke kwenye maji vuguvugu yenye matone machache ya sabuni ya maji isiyo na manukato, kama dakika kumi, halafu uubonyezebonyeze. Usiusokote. Kazi kubwa iko sehemu ya kisogoni na kwenye velkro: mswaki wa zamani utakutolea nywele na pamba zilizoshikamana humo, na maji yatageuka kijivu mbele ya macho yako. Suuza mpaka utelezi uishe, maana sabuni iliyobaki ikikutana na jasho huwasha ngozi. Laini ya nguo usiitie. Huacha utando kwenye nyuzi. Ugandamize ndani ya taulo, kisha uuanike kivulini penye hewa hadi ukauke kabisa, kwani mkanda uliofungwa na unyevu huota kuvu. Joto la pasi au mashine ya kukaushia hulegeza spandeksi, zile nyuzi zinazovutika. Miwani yenyewe usiiweke juani hata dakika moja: lenzi hukusanya miale na kuunguza kioo cha ndani.

Kuua vijidudu ni hatua ya pili, na haina maana juu ya uchafu. Haidrojeni peroksaidi ya asilimia 3, dawa ya maji ya kuua vijidudu, ndiyo ningeipendekeza kwako, kwa sababu huvunjika ikawa maji na oksijeni. Liache eneo likiwa limelowa kwa muda ulioandikwa kwenye chupa. Ukifuta mara moja umefanya kazi bure. Inaweza kupausha rangi, kwa hiyo jaribu kwanza upande usioonekana. Spiriti ya asilimia 70 inafaa kwa plastiki ngumu, na hushinda ile ya asilimia 90 na zaidi kwa sababu maji yaliyomo huisaidia kuharibu protini za vijidudu na huichelewesha kukauka. Ikipakwa kila siku kwenye ngozi bandia, ngozi hukakamaa na kupasuka, na lenzi usiziguse nayo. Klorini sahau: hula spandeksi, na ikichanganyika na siki hutoa gesi ya sumu.

Visanduku vya miale ya urujuanimno (UV) havitumii kemikali, lakini huua pale tu miale inapofika. Mikunjo ya kitambaa hubaki kivulini. Mafuta ya mimea nayo, kama ya mti wa chai, husifiwa kwa kuwa ni ya asili. Kukaa saa nzima yamebanwa na jasho kwenye paji la uso ni njia nzuri ya kupata mzio.

Kuhusu vitambaa vya kutupa uko sahihi, vingi vina nyuzi za plastiki. Kata fulana kuukuu ya pamba, tumia vipande vyake, vifue. Kisha nunua seti ya pili ya mikanda, moja ikifanya kazi nyingine inakauka, na kifuniko cha silikoni cha sehemu ya usoni kinachopanguswa kati ya mtu na mtu.

Mtu akiendelea kupata vipele licha ya usafi, kagua malighafi. Mwaka 2021 Facebook ilisitisha kwa muda mauzo ya miwani yake ya VR, Quest 2, na kuwapa wateja vifuniko vya silikoni, baada ya malalamiko kwamba sponji yake ya usoni iliwasha ngozi. Na mwenye macho mekundu au kidonda kichwani, mwombe asivae siku hiyo.